Ukishaona matokeo, kurudisha sevu (kurudi pale ulipohifadhi gemu) ni haki ya mchezaji au ni kuiua hadithi?

Mleta mada:

Wakuu habari za Jumapili. Kuna kitu kimetugombanisha jana hapa Chang'ombe mpaka mwenye kibanda cha gemu akazima PS4 akasema nendeni mkamalizie nje. Naongelea The Witcher 3 na nitasema kila kitu, kama bado uko mwanzoni ishia hapa usije ukanilaumu.

Ilikuwa hivi. Kuna mwenzetu anacheza pale kila jioni akitoka kazini, sisi tunakaa nyuma yake tunafuatilia kama tamthilia. Kafika sehemu ya Bloody Baron kule Velen, yule mzee mlevi aliyekuwa anampiga mke wake Anna, mpaka mimba ikatoka, mke na binti wakakimbia nyumba. Geralt, yule unayemchezesha, anapewa kazi ya kuwatafuta. Sasa katikati ya kutafuta unakutana na roho imefungwa chini ya mti, inakuomba uiachie, inasema itawaokoa watoto yatima wasiliwe na wachawi watatu wa bwawani. Unaiachia au unaiua, basi. Mwenzetu akaiachia. Watoto wakapona kweli, lakini roho ikaenda kuua watu kijiji cha jirani, na wale wachawi hasira zote wakamalizia kwa Anna, wakamgeuza zimwi la majini na mwisho akafa. Baron akarudi nyumbani akajinyonga. Kibanda kizima kimya, hakuna aliyeongea, tunamwangalia tu Baron ananing'inia kwenye mti wa uani kwake.

Afu jamaa akafungua menyu akalodi sevu ya juzi. Akarudi mpaka kwenye ule mti, safari hii akaiua roho. Sasa Baron mzima, anaondoka na mke wake ambaye akili imeshamruka anampeleka kwa mganga milimani. Na watoto? Wameliwa.

Mi nasema hapo kaiua hadithi. Nimelelewa Mvumi kwa bibi, usiku akisimulia, ikifika fisi kambeba mtoto tulikuwa tunalia, bibi badilisha, bibi mwambie mama yake awahi. Alikuwa habishani na sisi. Anaendelea kubangua karanga zake mpaka tunyamaze, afu anaendelea palepale alipoachia. Mpaka leo yule mtoto namkumbuka, na namkumbuka kwasababu hakurudi.

Na hawa waliotengeneza hii gemu, CD Projekt Red wa Poland, wamefanya makusudi kabisa matokeo yachelewe. Unachagua leo, jibu linakuja baada ya masaa mengi ukiwa umeshasahau. Mwisho wa Ciri kwa mfano, binti ambaye Geralt anamlea kama mwanae, kama anaishi au anapotea, unategemea vitu vidogo vidogo: alipokata tamaa pale kwenye ngome ya Kaer Morhen ulimpa pombe au mlirushiana mipira ya theluji, alipotaka kwenda kaburini kwa kijana aliyemsaidia ulimsindikiza au ulimwambia hakuna muda. Hakuna anayekuambia hapa ndo penyewe. Kama kwa mwanao. Sasa wewe unarudi nyuma na jibu mfukoni, hapo unakuwa umechagua nini?

Karibuni tujadili, matusi hapana.

Mchangiaji, UDOM:

Mkuu nakupinga. Hii gemu ukiifuata vizuri na zile nyongeza zake mbili, Hearts of Stone na Blood and Wine, masaa mia yanapita. Nani ana muda wa kuirudia yote ili aone upande wa pili? Mimi nina vipindi, nina mitihani, likizo narudi nyumbani ambako hakuna hata hiyo kompyuta. Nikirudisha sevu nimeona njia zote mbili, nimeifahamu hadithi kuliko wewe uliyeona moja. Na walioandika waliandika zote mbili, kwanini nizuiwe kusoma ukurasa ambao upo?

Halafu sevu zipo ndani ya gemu, hajaiba mtu. Angalia Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, kule kila jambo unarusha dadu ya pande 20, ukipata moja umeharibu hata kama unaongea vizuri kama wakili. Watu wanalodi kila dadu ikikataa na bado wanalia kwenye mwisho wa hadithi. Wanaotaka ugumu, Larian walioitengeneza waliwawekea Honour Mode, sevu moja tu, ukifanya umefanya. Wanaotaka waende huko, wengine tuachwe.

Mchangiaji, Kondoa:

Mbona hakuna anayesema kuhusu lugha? Hii gemu haina Kiswahili. Ukiangalia vijana wanaocheza huku wengi wanabahatisha, anaona maneno matatu kwenye skrini, anachagua, Geralt anafungua mdomo anasema kitu kingine kabisa. Na sio sisi tu. Kuna pale kwa Dijkstra, yule jasusi wa zamani, unapewa chaguo la kumsukuma pembeni kwa nguvu, mtu anadhani ni kusukuma tu apite, kumbe Geralt anamvunja mguu, na baadae ule mpango wa kumuua mfalme Radovid hauupati tena. Wazungu wenyewe waliozaliwa na hicho Kiingereza walilalamika. Sasa mdogo wangu wa form two akikosea hapo mnataka abebe matokeo ya sentensi ambayo hakuielewa? Mi nitamlodia mwenyewe.

Mleta mada:

Wa Kondoa hapo umenishika na sitabisha. Hoja yangu ni mtu aliyeelewa, akachagua, akaona, akakataa alichokiona. Kuteleza kwa lugha ni kitu kingine, kama umeme ukikatika katikati ya pambano, unalodi unaendelea. Hilo narekebisha kwenye hoja yangu.

Wa UDOM, umesema umeifahamu hadithi kuliko mimi. Umefahamu mambo yaliyomo, sawa. Lakini kuna gemu moja ndogo ya mwaka 2015 inaitwa Undertale, kuna mama mmoja mwanzoni, Toriel, anakulea vizuri, na watu wengi wanamuua bila kutaka kwasababu hawajui jinsi ya kumkwepa. Wanalodi, wanamuacha hai. Wakitoka nje tu wanamkuta Flowey, ua linaloongea, anawaambia najua ulichofanya, ulimuua, ukajutia, ukarudi. Nilipoiona hiyo niliacha pedi chini. Aliyeitengeneza alielewa kwamba sevu inafuta kwa huyo mama, kwako haifuti.

Mchangiaji, Nkuhungu:

Nimesoma kote nimevumilia sasa niseme. Mimi ni dada nacheza hii gemu tangu 2019 na nimemaliza mara mbili. Nyie wote mnamlilia Baron. Kibanda kizima mmenyamaza kwa ajili ya mwanaume aliyempiga mjamzito. Jamaa yenu alirudisha sevu ili nani apone? Baron. Nani akalipa? Watoto wa bwawani, mara ya kwanza walikuwa hai. Na Anna kwenye njia zote mbili hakuna anayemuuliza anataka kwenda wapi, moja anakufa, nyingine anabebwa na mtu yuleyule aliyemkimbia kwa miaka, hajitambui, mnaita mwisho mzuri.

Kwahiyo mleta mada hujaliona jambo lenyewe. Suala sio kurudisha au kutorudisha. Mimi nilirudisha. Mara ya kwanza niliua roho, niliposikia watoto wameliwa nikalodi nikaiachia, nikijua kabisa Baron atajinyonga. Na sijutii. Kurudi kwangu ndo kulinifundisha nilikuwa namjali nani.

Mleta mada:

Dada nimesoma hii mara tatu, nikatoka nje kidogo, upepo wa leo na vumbi lake, nikarudi nikasoma tena. Ni kweli jana hakuna hata mmoja wetu aliyetaja jina la Anna. Tulikuwa wanaume saba pale, tumebishana zaidi ya saa nzima kuhusu sevu, na jina lililotajwa ni Baron, Baron, Baron. Kwenye ile sehemu ya kumzika yule mtoto wa mimba iliyotoka, Baron anaposimama kizingitini anampa jina Dea, mmoja wetu alijifuta machozi. Gemu imetuvuta kwa yule mzee kwasababu yeye ndo anayesimulia, tunasikia majuto yake kwa mdomo wake, Anna tunamkuta akili yake imeshavurugika. Hilo sikuliona.

Ila bado sikubaliani na kulodi, na nikuambie kwanini. Wewe ulirudi ukabadilisha unayemjali, sawa. Mwenzetu alirudi ili asijisikie vibaya, na alipomaliza akasema "hapo safi", akaendelea na misheni nyingine, watoto hakuwauliza hata. Tofauti yenu hakuna menyu inayoweza kuipima, na ndo maana mi naona bora kila mtu akae na alichochagua mara ya kwanza walau kwa usiku mmoja kabla hajagusa kitu.

Nimeongea naye leo mchana pale Majengo sokoni. Sevu zote mbili bado anazo. Nimemsomea ulichoandika, neno kwa neno, kakaa kimya afu akaniuliza, hivi wale wa kijijini waliouliwa na roho walikuwa wangapi? Sikuwa na jibu. Jumamosi tunafungua ile sevu ya kwanza tuende hicho kijiji tukaangalie.