Tupeane uzoefu: kijana aingie lini, na aingie na nini mkononi, ili uamuzi wa tabianchi wa eneo lake ubadilike?

MzawaWaUkame (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, naomba uzi huu tuuweke kwa jambo moja tu, yaani masimulizi ya vijana waliowahi kuingia katika maamuzi ya tabianchi ya mahali wanapoishi, iwe ni wadi, kata, kijiji au shehia, wakauona uamuzi ukigeuka au ukikataa kugeuka. Mikutano mikubwa ya dunia kuhusu tabianchi, ya Glasgow na Dubai, tumeshaisikia vya kutosha. Nianze mimi mwenyewe.

Natoka katika kaunti moja kame ya Kenya ambayo sitaitaja. Mwaka 2022, wakati kaunti zilipokuwa zikiandaa mipango ya maendeleo ya miaka mitano ya 2023 hadi 2027, nilipokea ujumbe wa simu saa tatu usiku ukinialika katika mkutano wa ushirikishaji wa umma asubuhi iliyofuata. Tulikuwa vijana kumi na mmoja. Tulitia sahihi katika orodha ya mahudhurio, tukapewa soda, tukazungumza kwa uchungu kuhusu ukame na ukataji wa miti ya makaa, na afisa akaandika kila tulichosema. Waraka ulipotoka, hakuna sentensi yetu hata moja iliyokuwamo, ila katika kiambatisho cha mwisho zilikuwapo sahihi zetu zote kumi na moja, chini ya maneno yanayosema kwamba vijana walishirikishwa.

Mzee mmoja wa kijijini, mstaafu wa idara ya maji, alinisikiliza nikilalamika kisha akacheka. Aliniambia, "Mjukuu wangu, mlifika harusini mahari ikiwa imeshakabidhiwa." Akachukua kalamu, akanichorea kalenda nyuma ya bahasha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka mpango wa maendeleo wa kila mwaka uwasilishwe katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha iwasilishwe kabla ya Februari 28, makadirio ya bajeti yafike kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha uanze Julai 1. Sisi tulikuwa tukiitwa Mei, watu wakiwa wamebakiza kupiga muhuri tu.

Mwaka uliofuata tulikwenda kwa msimamizi wa wadi mwezi wa Julai bila kualikwa, tukiwa na karatasi moja. Hatukuomba bwawa jipya. Tulikuwa tumeingia katika lambo letu la zamani na fimbo ndefu iliyotiwa alama kila baada ya inchi sita, tukaichomeka matopeni katika sehemu ishirini, na tukaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya kina cha lambo kilikuwa kimejaa tope, hivyo maji yalikauka mapema si kwa sababu ya uchache wa mvua peke yake. Ombi letu lilikuwa kuliondoa tope na kuzuia mmomonyoko upande wa juu. Mwakilishi wadi alituuliza maswali matatu, na yote matatu majibu yake yalikuwa kwenye karatasi. Kazi hiyo iliingia katika mpango wa mwaka, ingawa fedha zilichelewa, na vijana wawili kati yetu leo wamo katika kamati ya mipango ya tabianchi ya wadi. Kamati za namna hii zimeenea katika kaunti nyingi kupitia FLLoCA, mpango wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, ulioanzishwa mwaka 2021, na anayesubiri "kufunguliwa mlango" ajue kwamba katika kanuni za kaunti nyingi kiti cha kijana kimo tayari, ila hukaliwa na atakayewahi.

BintiMpemba

Shukrani kwa kuanzisha. Kwetu Pemba jambo lenyewe ni maji ya chumvi kupanda katika mabonde ya mpunga. Bibi yangu alikuwa akivuna katika bonde ambalo leo hakioti kitu isipokuwa magugu ya pwani, na ukiukwangua udongo wakati wa kiangazi unaona weupe wa chumvi.

Katika shehia yetu kulikuwa na pande mbili: wazee waliotaka tuta la kuzuia bahari, na sisi vijana tuliosema kwamba tuta bila mikoko mbele yake litaliwa na mawimbi. Kila nikisimama kusema niliambiwa, "Mwanangu, kaa kwanza, wakubwa wamalize." Sikuwa na namna ya kushindana nao kwa maneno. Siku ofisa wa wilaya alipokuja, nilimwomba Mzee sheha ruhusa ya kuandaa chai, nikaipika kwa maji ya kisima kilicho karibu na bonde, bila kusema neno. Ofisa alipiga funda moja, akakitazama kikombe, akakiweka chini taratibu. Akauliza maji haya yametoka wapi. Tangu hapo mkutano ulihamia kisimani, kwa miguu, na nikapewa nafasi ya kueleza.

Tuta liliingia katika maombi ya shehia, na hilo lilikuwa jepesi. Lililotutesa ni mikoko, kwa sababu wakataji si watu wa mbali. Ami yangu mwenyewe anakata kwa ajili ya tanuri la chokaa, na mimi nimesomeshwa kwa pesa hiyo. Zanzibar kuna utaratibu wa mikataba ya usimamizi wa misitu ya jamii baina ya shehia na idara ya misitu, na ndani ya mkataba huwekwa mipaka ya eneo la kuvuna na eneo la kuachwa. Tulikaa na wakataji kabla ya kukaa na serikali, tukatembea nao maji yakiwa yamekupwa, na wao ndio waliotuonyesha ni wapi mikoko inachipua upya kwa haraka na ni wapi ikikatwa hairudi. Mstari uliochorwa katika ramani ya shehia ni mstari wa ami yangu zaidi kuliko wangu, na ndiyo maana mpaka sasa unaheshimiwa, ingawa si na wote.

Bodaboda07

Mimi nitakuwa mfupi, na naomba radhi kwa wenye matumaini. Katika kata yetu "mwakilishi wa vijana" katika kila kikao cha mazingira ni mtu mmoja yule yule, ana watoto watatu wa sekondari, na kazi yake ni kupokea posho na kunyamaza. Vikao huitwa Jumatatu saa tatu asubuhi, saa ambayo kijana anayetafuta riziki yuko barabarani. Kabla ya kufundishana kalenda ya bajeti, tuulizane nani anapanga saa ya kikao.

Mkulima_Mtoni

Bodaboda07 amesema kweli, na kwetu ndiko tulikoanzia. Kijiji chetu kiko kando ya mto mmoja Tanzania Bara. Kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, na hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Tulimwandikia mwenyekiti barua, ikapitia kwa mtendaji wa kijiji, tukiomba mkutano uhamie Jumapili alasiri. Ilikubaliwa bila ugomvi wowote, na jambo hilo dogo lilileta vijana wengi kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba vijana si kundi moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sisi tuliokuwa na cheti cha mafunzo tulitaka kijiji kitunge sheria ndogo ya kuisimamia. Waliokuwa wakilima nyanya na mchicha ndani ya mita hizo 60 walikuwa vijana wenzetu, wengine wao hawana kipande kingine cha ardhi. Mmoja aliinuka akauliza, "Mkishanitoa hapo mnanipeleka wapi?" Hatukuwa na jibu, na tulistahili kunyamazishwa siku ile.

Tulirudi baada ya miezi mitatu. Safari hii rasimu ilitoa muda wa misimu miwili ya kuhama, ikataja eneo la kijiji la kulima kwa pampu, na ikaruhusu miche ya matunda yenye mizizi ya kushika ukingo. Mkutano mkuu uliipitisha. Kisha rasimu inapaswa kupita kamati ya maendeleo ya kata, na mwisho iidhinishwe na baraza la madiwani, na huko imekaa zaidi ya mwaka. Kila mwezi mmoja wetu hupita ofisini kuuliza iko meza gani. Tumejifunza kuuliza hivyo, "iko meza gani," kwa sababu ukiuliza "imefikia wapi" utajibiwa "inafanyiwa kazi."

MpimaRamani

Mwaka 2015 nilikuwa miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam tulioingia mitaani katika mradi wa Ramani Huria kuchora maeneo ya mafuriko kwenye ramani huru ya OpenStreetMap. Tulipima mifereji upana na kina, na tulipofika kila nyumba tuliuliza maji yalifika wapi. Mama mmoja alitupeleka chumbani, akaonyesha mstari wa tope ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa. Sijawahi kuhitaji maelezo zaidi ya hayo kuhusu mafuriko.

Ninachotaka kuongeza ni hiki: data iliyobaki katika kompyuta haikumsaidia mwenyekiti wa mtaa hata kidogo. Tuliporudisha ramani ikiwa imechapishwa katika karatasi kubwa na kubandikwa ofisini kwake, wakazi walianza kuja kuisahihisha, mmoja akisema pale si mfereji, ni choo cha jirani kinachofunguliwa mvua ikinyesha. Ukweli wa namna hiyo hauingii katika taarifa yoyote rasmi, lakini mjadala wa mahali pa kuelekeza fedha za kuzibua mifereji ulianza hapo.

MzawaWaUkame

Nimesoma yote mara mbili, na swali la Bodaboda07 nimelipeleka jana kwa kamati yetu ya wadi, ambayo nayo hukutana siku ya kazi saa nne asubuhi. Wenye uzoefu wa kusimamia muhtasari wa kikao waendelee: je, mmewahi kudai usomwe kwa sauti kabla ya watu kutawanyika, na mlijibiwaje? Sisi tunataka kujaribu mwezi ujao, kabla mpango wa mwaka haujapelekwa. Fimbo ya kupimia tope bado ipo, imelazwa juu ya mapaa ya jiko la mama, na alama zake tumezikaza upya kwa rangi nyekundu.