Mrejesho: zile filamu zangu za 4x5 (za vipande, inchi 4 kwa 5) zilizokuwa zinatoka nyeusi tii na mikwaruzo nikizisafisha mwenyewe

Wakuu nawashukuru sana. Mliniambia dawa ina joto sana, kumbe kweli tatizo joto, nilipima dawa ya kusafishia ikasoma nyuzi 29 wakati zile dakika 11 nilizokuwa nafuata ni za nyuzi 20, sasa trei ya D-76, ndo hiyo dawa, naiweka ndani ya beseni la maji ya barafu mpaka ishuke ndo naanza. Mikwaruzo nayo, nilikuwa natumbukiza filamu sita kavu kwa mpigo zinagandana, jana nimeloweka kwanza kwenye maji moja moja, nne tu, gizani kidole kinatafuta vile vimkato vya ukingoni, filamu ikiwa wima na vikiwa juu kulia basi upande unaopokea mwanga unakutazama. Negativu ya mbuyu imetoka safi jamani, magome yanasomeka mpaka kivulini, nimeishika dirishani nikaiangalia weee.