Kwari ya mawe ya chokaa Koru: nitajuaje shimo liishie wapi?

mtoto_wa_koru: Wakuu habarini, mzee ako na shamba huku Koru, chini kuna mawe ya chokaa ila yamefunikwa na udongo, mahali pengine futi tatu pengine unachimba hadi unachoka. Mwaka jana tulikodisha eksikaveta tukafuata jiwe popote lilipoonekana, udongo tukamwaga hapo kando, kumbe lile lundo limekalia jiwe zuri kuliko yote na kulihamisha ni kulipa mara ya pili. Kuna hesabu ya kujua mapema?

mama_kwari: Pole sana. Sisi Gilgil tunapima jiwe moja moja, likilipa udongo ulio juu yake tunachimba, lisipolipa tunaacha.

hesabu_nakuru: Mama heshima yako, lakini hivyo unaacha pesa chini. Chukua karatasi ya mraba, kila kiboksi ni kipande cha ardhi, kuta zilale digrii 45. Kufikia kiboksi cha mstari wa 3 lazima utoe 3 vya mstari wa 2 na 5 vya juu kabisa, jumla 8. Kila kimoja kikikula elfu 1 na jiwe likuachie elfu 7, umepoteza elfu 1, utaacha. Sasa weka mawe mawili kama hayo yakipakana: udongo ni viboksi 10 tu kwa sababu yanagawana, unapata 14 unatoa 10, elfu 4 mfukoni! Wataalamu wa hesabu Lerchs na Grossmann walitoa njia ya kupata shimo lenye faida kubwa kabisa 1965, halafu mwenzao Picard 1976 akaonyesha ni sawa na kutafuta mahali pa gharama ndogo zaidi pa kukata mtandao wa mabomba, ndio maana siku hizi kompyuta inamaliza mamilioni ya viboksi.

mtoto_wa_koru: Nimechora, imetoka 4 kweli. Na mvua ya Aprili, ukuta wa 45 utasimama?

hesabu_nakuru: Hapo udongo ndio unaamua. Ukiwa laini laza ukuta zaidi, viboksi vya kutoa vitaongezeka, basi piga hesabu upya kabla ya kuita mashine. Na toboa vishimo vya kupima kwanza kaka, bila kujua jiwe liko futi ngapi unajaza karatasi na ndoto.

mama_kwari: Nimeelewa, kuna kona tuliiacha nitairudia na karatasi. Kijana, lundo jipya liweke nje ya ukingo wa shimo utakalopata kwenye karatasi, hata kama lori itaenda mbali kidogo.