Onyesho la filamu kuhusu historia ya Kanada kwa wazee na vijana wetu: tuchague ipi?

Mtunza Ukumbi
Ndugu zangu, salaam nyingi. Chama chetu hapa Winnipeg kimenikabidhi kazi ya kuchagua filamu moja ya hali halisi kuhusu historia ya Kanada, ambayo tutaionyesha ukumbini Jumamosi moja ya mwezi ujao. Mweka hazina anataka jina la filamu kabla ya Ijumaa ili aombe kibali na kulipia. Nimebakiwa na tatu. Ya kwanza ni Kanehsatake: 270 Years of Resistance, ya mwaka 1993, iliyotengenezwa na Alanis Obomsawin kuhusu mgogoro wa Oka, huko Quebec, ambako Wamohawk, wenyeji asilia, walitetea ardhi yao mwaka 1990. Ya pili ni Remember Africville, ya mwaka 1991, kuhusu mtaa wa watu weusi wa Halifax uliobomolewa na jiji. Ya tatu ni sehemu moja kutoka Canada: A People's History, ule mfululizo wa sehemu 17 ulioanza kurushwa na CBC, shirika la utangazaji la taifa la Kanada, mwaka 2000. Mngechagua ipi?

Binti wa Ujiji
Kaka, umetutajia vyakula vitatu bila kusema nani anakuja kula. Watazamaji ni akina nani, wanasikia lugha gani, na mna saa ngapi za ukumbi? Filamu ya Oka ina dakika 119 na ya Africville ina dakika 35, kwa hiyo swali la muda peke yake linaweza kumaliza nusu ya mjadala.

Mtunza Ukumbi
Samahani dada, ni kweli. Tunatarajia watu kama 70. Nusu yao ni wazee waliotoka Fizi na Uvira wakapitia kambi ya Nyarugusu. Wanazungumza Kiswahili na Kibembe, na wachache wanasikia Kifaransa. Waliobaki ni vijana wanaosoma hapa, ambao Kiingereza chao kimekwisha kuwapita wazazi. Ukumbi tunao kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja alasiri, pamoja na chakula.

Mzee wa Theluji
Kama lugha ndiyo kikwazo, jibu liko wazi: onyesha Nanook of the North ya mwaka 1922. Ni filamu bubu, haina hata neno moja la kutafsiriwa isipokuwa maandishi machache kati ya picha, na kwa umri wake hakuna wa kumlipa. Utaona Wainuit, wenyeji asilia wa kaskazini ya baridi, wa pwani ya Hudson Bay wakijenga nyumba ya barafu, na hakuna mzee atakayesinzia. Filamu za hali halisi zimejifunza mengi kutoka kwa Robert Flaherty aliyeitengeneza, na sioni sababu ya kuanza na wajukuu wakati babu yupo.

Mwalimu Asumani
Mzee wangu, shikamoo, lakini babu huyo alitia chumvi nyingi. Mhusika mkuu hakuitwa Nanook. Jina lake lilikuwa Allakariallak. Ile nyumba ya barafu tunayoiona kwa ndani ilijengwa nusu, upande mmoja wazi, kwa sababu kamera ya wakati ule haikuweza kupiga picha gizani. Wakati huo Wainuit walikwisha kutumia bunduki, lakini Flaherty aliwataka wawinde kwa chusa ili waonekane watu wa kale. Kuna mahali mhusika anaing'ata sahani ya gramafoni kana kwamba hajawahi kusikia kitu kama hicho, na hayo nayo yalikuwa maigizo. Mimi nimekulia kambini. Siku moja walikuja wageni wenye kamera, wakatuomba watoto tuvue viatu kabla ya kupigwa picha. Viatu vyenyewe vilikuwa ndara za plastiki tulizonunuliwa Kasulu wiki ile, na mdogo wangu alikataa katakata kuzivua, akaondolewa kwenye picha. Wazee watakaokaa ukumbini humo watakitambua kitendo hicho mara moja, hata kama hakuna atakayewaeleza.

Mzee wa Theluji
Marahaba mwalimu. Sijasema hakuigiza. Pierre Perrault na Michel Brault nao, katika filamu yao ya mwaka 1963 kuhusu kisiwa cha L'Isle-aux-Coudres huko Quebec, waliwashawishi wavuvi warudie uvuvi wa nyangumi weupe uliokuwa umeachwa tangu miaka ya 1920, na filamu ile husifiwa mpaka leo kuwa mfano wa ukweli. Kwa nini mmoja aitwe mwongo na wengine waitwe wasanii?

Mwalimu Asumani
Kwa sababu wale wa kisiwani wanabishana mbele ya kamera kama waurudishe uvuvi au wasiurudishe, na nani aliyeuanzisha zamani, kwa hiyo mtazamaji anajua kwamba jambo linarudiwa. Kwa Flaherty, mtazamaji haambiwi.

Fundi wa Sauti
Naomba niwarudishe kwenye suala la lugha, kwa maana nina kovu lake. Miaka michache iliyopita, katika mji mwingine, jumuiya yetu ilionyesha filamu ya karibu saa mbili kuhusu shule za bweni walizopelekwa kwa nguvu watoto wa wenyeji asilia. Tulikubaliana kwamba kijana mmoja akae pembeni na kipaza sauti atafsiri papo kwa papo, jinsi tulivyozoea kwenye vibanda vya video kule nyumbani. Tulisahau kwamba wale watafsiri wa vibandani huwa wameiona filamu mara nyingi kabla ya kushika kipaza sauti, na kijana wetu alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza pamoja nasi. Kwa dakika kumi alikwenda vizuri. Kisha bibi mmoja kwenye filamu akaanza kueleza aliyofanyiwa akiwa na umri wa miaka sita, naye kijana akanyamaza. Tukasikia tu pumzi zake kwenye spika, kubwa, zikijaza ukumbi. Wazee wakawa wanauliza kwa sauti, "Anasema nini? Mbona hutuambii?" Mama mmoja aliyejua Kiingereza akamjibu jirani yake kwa kunong'ona, jirani akaanza kulia, na ndani ya muda mfupi safu nzima ilikuwa inalia bila kujua hasa inalilia nini. Tulizima kabla ya kufika katikati, na chakula kililiwa kimya. Kijana yule mpaka leo hakubali tena kutafsiri chochote. Kwa hiyo filamu yoyote mtakayochagua, msimulizi aione mara tatu kabla, na aandike maneno yake kwenye karatasi.

Mama Faida
Pole sana kaka. Kwa sababu hiyohiyo mimi ninaiogopa ile ya Oka. Siku 78 za vizuizi, wanajeshi, vifaru na nyaya za miba, mbele ya watu waliokimbia vifaru! Uzuri wake siukatai: chanzo chake, yaani uwanja wa gofu wa mashimo tisa uliotakiwa kupanuliwa kufikia mashimo 18 kwa kuingia msitu wa misonobari karibu na makaburi ya Wamohawk, kila mzee wetu atakielewa bila mkalimani. Lakini mbona haioneshi upande wa wanakijiji Wazungu kwa kirefu? Wahindi Wekundu ndio wanaozungumza karibu muda wote.

Binti wa Ujiji
Mama yangu, kwa heshima, jina hilo tuliache. Wenyewe ni Wamohawk, na kwa ujumla tuseme wenyeji asilia. Kuhusu upande mmoja: Obomsawin, ambaye ni Mwabenaki, yaani mwenyeji asilia pia, alikaa ndani ya vizuizi wakati magazeti na televisheni vilikuwa vimejaa picha zilizopigwa kutoka upande wa jeshi. Alipiga picha mahali ambapo wengine hawakuwapo.

Hata hivyo kura yangu ni Africville. Watu weusi waliishi pale Halifax kwa vizazi zaidi ya kimoja, wakalipa kodi bila kupata maji ya bomba wala mifereji ya maji taka, kisha katika miaka ya 1960 jiji likawabomolea. Mizigo ya baadhi yao ilihamishwa kwa magari ya taka ya jiji. Kanisa lao lilibomolewa usiku, mwaka 1967, na jiji halikuomba radhi mpaka mwaka 2010. Filamu inawakutanisha waliohamishwa na baadhi ya waliofanya uamuzi, kwa dakika 35 tu, nanyi mtabaki na muda wa kuzungumza.

Mwalimu Asumani
Africville iko Halifax, mbali sana na Winnipeg. Nyinyi mnakaa juu ya ardhi ya Mkataba Namba 1 wa mwaka 1871, kati ya wenyeji asilia na serikali, na wazee hawajawahi kuelezwa maana yake. Obomsawin ana filamu nyingine ya mwaka 2014, Trick or Treaty?, kuhusu Mkataba Namba 9 wa kule James Bay, ambapo machifu waliahidiwa jambo moja kwa mdomo na karatasi ikaandika lingine. Ina urefu wa chini ya saa moja na nusu. Wazee wangapi wa ukumbi wenu wametia dole gumba kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma?

Jirani wa Edmonton
Mimi sielewi habari ya kulipia. Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada imeweka filamu zake nyingi kwenye intaneti bure tangu mwaka 2009. Fungua kompyuta, unganisha na projekta, basi.

Fundi wa Sauti
Bure ni kwa anayetazama sebuleni kwake, ndugu. Kukusanya watu 70 ukumbini kunahitaji kibali cha maonyesho ya hadhara. Mweka hazina wao yuko sahihi.

Mama Faida
Mimi nasema vijana wenu washike kamera wenyewe. Mwaka 1967, kisiwani Fogo huko Newfoundland, bodi hiyohiyo iliwarekodi wavuvi ambao serikali ilitaka wahame, ikawaonyesha wao kwanza, wakasikilizana kijiji kwa kijiji, na picha zikapelekwa kwa wakubwa. Hawakuhama, na wakaanzisha ushirika wao.

Mtunza Ukumbi
Wazo zuri mama, lakini si la mwezi ujao. Nilipoanza nilikuwa na filamu tatu na sasa nina sita. Ule mfululizo wa CBC nao mmeuruka, ingawa ulitengenezwa kwa Kiingereza na Kifaransa kwa pamoja, jambo ambalo lingewasaidia wazee wachache. Mweka hazina amepiga simu mchana huu na nimemwambia asubiri. Ninaelekea Africville, ila hoja ya mkataba imenikaa kichwani. Je, yupo mwenye sauti nzuri aliye tayari kuandaa usimulizi wa Kiswahili?

Binti wa Ujiji
Nitaandika, ukinipa wiki mbili. Lakini hujatuambia jambo moja: ukumbi huo una mapazia mazito? Saa nane mchana mwezi wa Juni, jua la Winnipeg litafuta picha yote ukutani.