Antivairasi imegoma kutoka kwenye laptopu, nimejaribu kila njia, naombeni msaada

taa_ya_kijani

Habari zenu wakuu, naombeni msaada manake hapa nilipofika nimekwama kabisa. Laptopu yangu ni Windows 11, nilipoinunua ilikuja na antivairasi ya majaribio ndani yake, ile ya kutumia bure siku 30 alafu unaambiwa ulipie. Siku 30 zimeisha zamani, sikulipia na sitaki kulipia, sasa kila baada ya dakika chache linafunguka dirisha jekundu pale chini kulia linasema kompyuta yako iko hatarini lipia sasa, na likifunguka ninachoandika hakiingii tena kwenye ukurasa wangu mpaka nilifunge kwanza. Naandika ripoti ndefu na hili jambo linanitesa kwelikweli.

Nilivyojaribu: nimeenda kwenye Setingi, sehemu ya programu, nikabonyeza kuiondoa. Ule mstari wa kijani unatembea vizuri mpaka unakaribia mwisho, unasimama kama dakika 2, alafu unaanza kurudi nyuma wenyewe mpaka mwanzo na dirisha linajifunga. Nimejaribu kuiua kwenye Task Manager naambiwa sina ruhusa, wakati kompyuta ni yangu na admini ni mimi mwenyewe. Nimejaribu kufuta folda lake kwenye Program Files naambiwa faili zinatumika. Kuna mtu akanishauri nipakue programu ya kusafisha kompyuta, nikaiweka, ikasafisha vitu vingi ikasema imemaliza, nilivyowasha upya ile alama iko palepale karibu na saa.

Ivi hiki si kirusi kweli? Antivairasi ya halali inawezaje kunigandia kama kupe hivi? Na nisingependa kupiga fomati, mafaili yangu yote ya kazi yamo humo.

pigo_moja

Piga fomati tu mkuu, weka Windows upya, nusu saa umemaliza. Utahangaika bure.

fundi_wa_usiku

@taa_ya_kijani usipige fomati bado, hiyo iwe ya mwisho kabisa. Na hapana, si kirusi. Tena nielezee kidogo manake ukielewa kwa nini inagoma utaelewa pia kwa nini njia ulizotumia hazikufanya kazi.

Kirusi kikiingia kwenye kompyuta, moja ya vitu vya kwanza kinachojaribu kufanya ni kuizima antivairasi. Kwa hiyo watengenezaji wanaijengea kujilinda: sevisi yake (ile sehemu inayofanya kazi chinichini) huwezi kuisimamisha hata kama ni admini, folda lake haliguswi, na ukiua kipande kimoja kingine kinakiamsha. Yenyewe haiwezi kujua kama anayeifuta ni wewe mwenye mali au ni kirusi kinachotumia jina lako, wote mnaonekana sawa kwake, kwa hiyo inawakatalia wote. Alafu sehemu yake muhimu haiko hata kwenye lile folda ulilojaribu kufuta, iko chini kabisa kwenye draiva (programu ndogo zinazofanya kazi ndani kabisa ya Windows) zinazowaka kabla hujaingiza paswedi yako.

Ndio maana lazima uipitie mlango wake wenyewe. Fungua hiyo antivairasi, ingia kwenye setingi zake (za programu yenyewe, sio za Windows), tafuta sehemu inayosema kujilinda yenyewe, mara nyingi iko kwenye mambo ya jumla au ya ziada. Zima hapo, ndio ukajaribu kuiondoa tena kwa njia ya kawaida. Wengi wanamalizia hapohapo.

Kabla hujaendelea nijibu mambo 2. Hii laptopu ni yako tangu ikiwa mpya au uliipata kwa mtu au kazini? Na ukitaka kuzima kitu kwenye hiyo antivairasi inakuomba paswedi?

mama_wawili

Samahani naingilia, ila naomba mtu yeyote anayesoma hapa ASIFUTE faili za draiva kwa mkono. Nimepitia mwenyewe na sitaki mwingine apitie.

Mimi yangu ilikuwa inagoma hivihivi, nikasoma mahali kwamba ingia kwenye folda la drivers ndani ya System32 ufute zote zenye jina la hiyo kampuni. Nikaingia kwa seif modi (Windows ikiwaka na vitu vichache tu) nikafuta, zikafutika bila shida, nikafurahi. Nikawasha upya, ikaja sehemu ya kuingiza paswedi, nagonga kibodi hakuna herufi inayotokea. Nikachomeka kibodi nyingine ya USB, nayo kimya. Nilikaa nayo nusu siku nikijua nimeua laptopu.

Kumbe ile antivairasi ilikuwa imejichomeka katikati ya kibodi na Windows ili ilinde unachoandika, na kwenye rejistri (hifadhi ya setingi za Windows) kuna mstari unaitwa UpperFilters unaotaja draiva yake. Mimi nimefuta draiva lakini jina limebaki, Windows inaitafuta haipati, basi inakataa kuwasha kibodi yoyote ile utakayochomeka. Bahati kipanya kilikuwa hai, nikafungua ile kibodi ya kwenye skrini kwa ile alama ya watu wenye mahitaji maalum pale chini, nikaingiza paswedi herufi mojamoja, nikaingia rejistri nikafuta lile jina nikaacha kbdclass peke yake. Na hapo pia nusura nifute kbdclass, ambayo ndiyo kibodi yenyewe.

Faili kufutika haimaanishi kwamba kitu kimetoka.

taa_ya_kijani

Asanteni sana, @mama_wawili pole kwa yaliyokukuta, nilikuwa nimeshalifungua hilo folda la drivers jana usiku, nashukuru sijagusa.

@fundi_wa_usiku laptopu ni yangu mwenyewe, niliinunua mpya, na haiombi paswedi. Nimeikuta hiyo sehemu ya kujilinda, nimeizima, ikaniuliza nizime kwa muda gani nikachagua mpaka nitakapowasha upya. Alafu nikajaribu kuiondoa. Safari hii imeenda mbali zaidi na haijarudi nyuma kimyakimya, imetoa ujumbe kwamba chanzo cha usakinishaji hakipatikani, namba 1612. Hii ndio nini tena?

fundi_wa_usiku

Sawa, hapo umenipa kitu cha kushika. Hiyo 1612 ni Windows inalalamika yenyewe. Programu nyingi zikisakinishwa, Windows inatunza nakala ya kile kifurushi kwenye folda lililofichwa, C:\Windows\Installer, na maelekezo ya namna ya kuiondoa hiyo programu yamo ndani ya nakala hiyo. Nakala ikipotea, Windows haijui tena pa kuanzia kuiondoa. Na karibu nina hakika imepotea kwa ile programu ya kusafisha uliyoshauriwa, manake hizo programu zikiona folda kubwa lenye majina ya ajabuajabu zinadhani ni takataka. Iondoe hiyo kwanza kabla haijakuletea mengine.

Sasa njia iliyobaki ni kifaa cha kuondolea cha mtengenezaji mwenyewe. Karibu kila kampuni inacho, bure, na haihitaji uwe umelipia: Avast wana Avast Clear, McAfee wana MCPR, Norton wana cha kwao (hicho usipokiangalia kinaondoa alafu kinaweka upya, kwa hiyo ingia kwenye chaguzi za ziada uchague kuondoa tu), ESET na Kaspersky na Bitdefender nao wana vyao. Hicho hakitegemei ile nakala iliyopotea. Kinajua draiva zilizowekwa na majina yaliyoandikwa kwenye rejistri, kinavitoa kwa mpangilio, hata hilo la kibodi lililomkuta dada hapo juu.

Kipakue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza antivairasi yako tu. Nasisitiza hapa manake ukitafuta kwa jina utakutana na kurasa nyingi zinazotoa vifaa vya kuondoa ambazo hazihusiani na kampuni hiyo, na wewe unakwenda kukiendesha kwa haki zote za admini. Soma anwani vizuri kabla hujabonyeza.

Fuata hivi. Kwanza bakapu, kopi mafaili yako ya kazi kwenye diski ya nje, hata kama hakuna kitakachoharibika. Pili, tafuta ufunguo wako wa BitLocker (kufuli la diski la Windows), ule wa tarakimu 48. Laptopu nyingi za Windows 11 diski yake imefungwa kwa usimbaji bila mwenyewe kujua, na ukiingia seif modi inaweza kukudai huo ufunguo, sasa kama huna umejifungia nje. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, iko hapo kama uliunganisha, andika kwenye karatasi. Tatu, uwe unajua paswedi yako kamili, PIN wakati mwingine haikubali kwenye seif modi.

Ukiwa tayari, shikilia Shift kwenye kibodi huku unabonyeza Restart, ikija skrini ya bluu ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, alafu kwenye orodha ya namba bonyeza 4. Hapo Windows inawaka na vitu vichache tu, antivairasi yako itakuwa imelala. Endesha kile kifaa, usikikatize hata kikionekana kimesimama, alafu washa upya kawaida. Na usiende kwa msconfig kuweka alama ya seif modi kama wengine wanavyofundisha, ukikwama paswedi haikubali itakuwa inakurudisha hukohuko kila ukiwasha.

jirani_wa_seva

Naongezea kwa wengine watakaosoma baadaye, manake swali la fundi kuhusu laptopu ni ya nani lina maana kubwa. Kama inakuomba paswedi ya kuiondoa, au setingi zake zote zina rangi ya kijivu hazibonyezeki, hiyo inaendeshwa kutoka mbali na ofisi au shule. Kama ni ya kazini usipambane nayo, nenda kwa watu wa tehama waliokupa, wao wanaitoa kwa dakika chache, na ukiilazimisha wanaona kwenye skrini yao kama mtu anashambulia mashine. Kama uliinunua mtumba kutoka kwa mtu na iko hivyo, mrudie aliyekuuzia, ofisi iliyokuwa nayo inatakiwa iitoe kwenye orodha yao. Nimeona watu wanapiga fomati wanaweka Windows upya, ikiunganishwa tu intaneti inajisajili tena kwa mwenye mali wa zamani.

Kingine, wale waliowahi kulipia: kuiondoa kwenye kompyuta hakusimamishi malipo. Kama kadi yako iliunganishwa kujilipia kila mwaka itaendelea kukatwa ingawa programu haipo. Ingia kwenye akaunti yako kwenye tovuti yao uzime hapo.

taa_ya_kijani

Wakuu nimerudi. Nimefanya yote, ufunguo wa BitLocker kweli iliudai, kama nisingekuwa nao kwenye karatasi sijui ningefanyaje. Kile kifaa kilikaa kama dakika 10, katikati hapo kilisimama kabisa nikakumbuka nisikikatize, nikaenda kukaa pembeni. Kikamaliza nikawasha upya na ile alama haipo tena! Ulinzi wa Windows wenyewe umejiwasha bila mimi kugusa kitu, unaonyesha tiki ya kijani.

Ila sasa intaneti haipo. Wifi inaonyesha imeunganishwa, simu kwa wifi hiyohiyo inafanya kazi vizuri, laptopu haifungui ukurasa wowote.

fundi_wa_usiku

Hongera, hilo dogo na linatokea sana. Antivairasi nyingi zinakaa pia katikati ya mtandao wako zikikagua kila kinachopita, sasa imeondoka imeacha kamba imekatika pale katikati.

Anza hivi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, ingia. Bonyeza kulia kwenye wifi yako, fungua sifa zake, uone ile orodha ya vitu vyenye tiki. Kama kuna chenye jina la ile antivairasi kichague ukiondoe hapohapo kwa kitufe chake. Alafu fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kama admini uandike netsh winsock reset, ingia, kisha netsh int ip reset, ingia, uwashe upya.

Ukishapata mtandao nifanyie kitu kimoja ili tuwe na uhakika. Kwenye hiyohiyo Command Prompt ya admini andika fltmc. Itakuletea orodha ya vitu vinavyokagua mafaili, kila kimoja na namba yake. Vya antivairasi vina namba kati ya 320000 na 329998. Unatakiwa uone WdFilter tu kwenye eneo hilo, namba yake 328010, huyo ni wa Windows mwenyewe. Ukiona mwingine nitajie jina lake.

taa_ya_kijani

Kilikuwepo kweli kwenye orodha ya wifi, nimekiondoa, nimeandika hizo amri 2, nimewasha upya na intaneti imerudi. Hapa naandika kwa laptopu hiyohiyo. fltmc inaonyesha WdFilter 328010 na hakuna mwingine kwenye hizo namba.

Leo nimeandika kurasa 4 mfululizo na hakuna dirisha lililofunguka. Mungu awabariki sana, @mama_wawili wewe hasa, manake nilikuwa nimeshachagua zile faili zote kwenye drivers, bado kubonyeza kufuta tu.