Eti nikapime masikio! Yule fundi wa chini ya mwarobaini leo amenivua nguo

Besi ya Zamani (mleta uzi)

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Yule fundi redio wa chini ya mwarobaini, mwenye kibanda cha bati la bluu na maredio mabovu yamepangwa hadi barabarani. Sina haja ya kumtaja, nusu ya mliomo humu ameshawala hela. Leo, mbele ya mkwe wangu, ameniambia: "Mzee, hii mashine haina tatizo. Kapime masikio."

Kapime masikio! Mimi!

Nimepiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi miaka 11. Masikio haya ndiyo yaliyosomesha watoto wangu wawili.

Sebuleni nina amplifaya na spika mbili kubwa za mbao, woofa inchi nane kila moja. Tangu mwezi wa tano zinanguruma. Mmmmmmm. Unashusha sauti hadi sifuri, mmmmmmm. Usiku ukiwa chumbani unadhani nyuki wa mkoa mzima wamehamia kabatini. Paka hapiti tena sebuleni. Mama watoto ameshazoea kuongea kwa kupaza sauti kama yuko mashineni anasubiri unga.

Mara ya kwanza nilipompelekea, akafungua, akanionyesha kapasita mbili kubwa, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, za mikrofaradi 4,700: "Hizi zimekufa, mzee." Shilingi 45,000. Nilizidai, ninazo hapa mezani: vichwa bapa, hazijavimba, hazijavuja hata tone. Nikafika nyumbani, nikaunga nyaya, mmmmmmm ile ile. Mara ya pili akaniambia niiache, akakaa nayo siku nne, akasema ameipitia yote. Mmmmmmm.

Leo ni mara ya tatu. Akachomeka simu yake, akaweka wimbo, akausimamisha, akaegemea kiti. "Unasikia ngurumo hapa?" Kweli, pale kwake haingurumi. Nikamwambia kijana wangu, kwangu inanguruma, na noti yake naijua: ni G, kamba nene, frati ya tatu, imepanda kidogo. Hapo ndipo akawageukia bodaboda waliokaa kivulini, akacheka, akatoa yale maneno. Bodaboda wakacheka. Mkwe wangu akaangalia chini. Mkwe, wakuu! Mahari yake nimeipokea mwezi wa pili mwaka huu, leo ananishuhudia naitwa kiziwi barabarani.

Sasa sikilizeni. Nimefika nyumbani, viatu sijavua, nikachomoa kila kitu nyuma ya amplifaya. Amplifaya na spika peke yake: kimya. Nikarudisha deki ya CD: kimya. Nikachomeka king'amuzi: mmmmmmm. Nikakizima ukutani kabisa, bado mmmmmmm! Nikashika ule waya wa dishi, nikaanza kuulegeza nati kwa vidole, taratibu. Ulipochomoka tu, kimya. Kimya hadi nikasikia saa ya ukutani, ambayo nilidhani ilishakufa. Nikaugusisha ncha, mmmmmmm. Nikautoa, kimya. Nimerudia mara kumi kama mtoto na swichi ya taa.

Dishi langu limefungwa kwenye bomba la chuma lililochimbiwa ardhini. Amplifaya ina plagi ya pini tatu, ina ethi yake ukutani, yaani waya wa kwenda ardhini. Ardhi mbili, na waya wa dishi ndio daraja, umeme kidogo unazunguka humo na kuingia kwenye spika. Umeme wetu unapiga mizunguko 50 kwa sekunde. G ya besi, kamba nene frati ya tatu, ni 49. Kwa hiyo 50 ni nini? NI G ILIYOPANDA KIDOGO! Nilimwambia noti yenyewe akanicheka!

Kwake hakuna dishi, kuna simu tu, ndiyo maana kimya. Hajawahi kuniuliza swali moja: "Mzee, nyumbani umeunga na nini?" Mara tatu nimekwenda. Swali moja lilimshinda, la kupima masikio halikumshinda.

Kipepeo Mweusi
Nimewahi siti ya mbele. Pole mzee wangu, ila hiyo "kapime masikio" imenipitisha chai puani.

Besi ya Zamani
Cheka tu mwanangu. Siku ukiambiwa wewe mbele ya mkwe utarudi kunitafuta.

Dogo Volti
Mzee, vunja hiyo pini ya ethi kwenye plagi, ngurumo inaisha hapo hapo. Mimi kwangu nilivunja mwaka jana, muziki safi.

Mama Fyuzi
Wewe Dogo Volti futa hicho ulichoandika. Siku waya wa umeme ukiachia ndani na kugusa bodi ya chuma, bila ethi bodi nzima inakaa na volti 230 inamsubiri mtoto aje aiguse. Na wewe kanunue plagi mpya leo leo.

Mzee, ethi usiiguse. Ulizia transfoma ndogo ya kutenganisha, inakaa kwenye nyaya nyekundu na nyeupe, kati ya king'amuzi na amplifaya. Inapitisha muziki, ule umeme wa kuzungukazunguka inaukatia njia. Au kama mashine zote mbili zina tundu la waya wa mwanga, tumia huo, mwanga haubebi umeme. Ila kwenye waya wa dishi wenyewe usiweke kizuizi cha antena ya kawaida: LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi, inakula volti 13 au 18 kupitia humo humo, utapata kimya na picha pia utaikosa.

Besi ya Zamani
Asante sana dada, kesho naitafuta. Mnaona? Huyu hajaniona, mashine hajaishika, na amenijibu kama mtu mzima. Yule kanitazama machoni kabisa, mkononi kashika bisibisi, akasema kapime masikio.

Mjomba Nanga
Lakini mzee, tuwe wakweli. Alikwambia mashine haina tatizo. Na kweli haikuwa na tatizo. Sasa unalia nini?

Besi ya Zamani
Haina tatizo! Basi ile 45,000 alitengeneza nini?

Mjomba Nanga
Hapo sina jibu.

Kipepeo Mweusi
🤣🤣 Mjomba kakimbia.

Sebule Tupu
45,000 mnaona nyingi? Mtu huyo huyo nilimpelekea redio ya marehemu baba, nzito, mnaibeba wawili. Aliponirudishia niliibeba kwa mkono mmoja hadi kituoni. Mwanzoni nikajisifu kwamba siku hizi nina nguvu. Kumbe transfoma hamna! Na ukimuuliza anakwambia za kisasa ni nyepesi.

Dogo Volti
Plagi nimenunua, Mama Fyuzi. Usiniseme tena.

Binti Makame
Mafundi wote ukoo mmoja. Wangu ni wa cherehani. Nimempa kitenge wiki tatu kabla ya harusi ya dada yangu. Kila nikipita: "Bado vifungo tu." Asubuhi ya harusi nakwenda, nakuta kitenge kipo vilevile, kimekunjwa, hata mkasi hakijauona.

Sebule Tupu
Vifungo tu 😭

Mjomba Nanga
Wa kwangu alinishonea suruali mguu mmoja mrefu, akaniambia nimesimama vibaya.

Binti Makame
Subirini sijamaliza. Akaniambia nikae kwenye benchi, atashona hapo hapo, saa moja tu.

Besi ya Zamani
Jamani, poleni wote, lakini uzi huu ni wa masikio yangu. Huyu mtu nimfanye nini? Nirudi na zile kapasita?

Kipepeo Mweusi
Mzee tulia kwanza. Dada Binti, ukakaa kwenye benchi?

Binti Makame
Nikakaa. Umeme ukakatika.

Mjomba Nanga
Cherehani yake si ya kukanyaga?

Binti Makame
Ya kukanyaga. Akasema pasi ndiyo ya umeme.