Hasira za abiria wa ndege, na mama anayekuja Desemba

Kutoka: dada, Manchester

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za kazi.

Nina jambo naomba tulizungumze humu. Nimerudi juzi kutoka Dar, msibani. Ndege ilipotua tubadilishe nyingine, bibi mmoja aliyejitanda kanga alikuwa amesimama kwenye njia ya katikati anahangaika na kikapu chake kilichokwama kwenye kabati la juu. Kijana mmoja nyuma yake, Mtanzania mwenzetu, akamfokea: "Mama unatuchelewesha, si ukae tu!" Bibi akakaa. Mkono wa kikapu ukabaki unaning'inia juu ya kichwa chake, naye hakuugusa tena mpaka ndege ikawa karibu tupu. Mimi na mhudumu ndio tuliomshushia. Yule kijana tukamkuta kwenye foleni ya ukaguzi, watu wachache tu mbele yetu.

Sasa mama yangu anakuja Desemba kunilea, najifungua Januari. Hajawahi kupanda ndege, na anakuja peke yake. Siogopi ndege kuanguka. Naogopa akutane na mtu kama yule, saa nane za usiku, mimi nikiwa mbali. Nini kinawapata watu wakishapanda ndege? Watu hawahawa ukiwakuta Kariakoo umelemewa watakupokea mzigo bila kukuuliza jina.

---

Kutoka: kaka, Kinyerezi, Dar es Salaam

Dada, pole sana kwa msiba. Mungu akujalie ujifungue salama.

Wengi humu mnajua kwamba kabla sijaenda nje nilisimama nyuma ya kaunta za uwanja wa ndege hapa Dar miaka mingi, na sasa nimerudi naishi jirani na uwanja uleule. Nikuambie nilichokiona kwa macho yangu: abiria hakasirikii angani. Anaingia kwenye ndege akiwa ameshachoka, ameshaaibika na ameshaamuliwa kila kitu tangu asubuhi. Mle ndani anampata tu wa kumtolea, na siku zote anamchagua asiyeweza kumjibu.

Mfuate mtu wetu siku ya kuondoka. Nyumba imejaa tangu alfajiri. Shangazi kaleta ubuyu, jirani kaleta mzigo wa mwanawe aliyeko Birmingham, "ni kifurushi kidogo tu mwanangu", naye hana ulimi wa kukataa. Sanduku linafungwa kwa kukaliwa. Halafu foleni ya Barabara ya Nyerere, magari mawili ya wasindikizaji, kila mtu anatazama saa. Wanafika Jengo la Tatu, lile lililozinduliwa Agosti 2019, mizigo inapita kwenye mashine, wasindikizaji wanabaki nyuma. Anafika kwenye mizani. Kilo 27. Tiketi inasema 23.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana mengi huanzia hapo. Mtu mzima, mwenye heshima zake kwao, anaambiwa afungue sanduku chini, sakafuni. Nguo za ndani zinaonekana. Unga wa muhogo umepasuka, umeingia kwenye suti ya mume wa mtu. Nyuma yake foleni inaguna. Anachagua cha kuacha: cha shangazi au cha jirani? Nimeona baba wa makamo akitokwa machozi kwa ajili ya mfuko wa dagaa, kwa sababu aliahidi. Hakuna aliyemweleza kwamba vikomo hivi, hasa kile cha kilo 32 kwa sanduku moja, vipo pia kwa ajili ya migongo ya vijana wanaopakia mizigo kwa mikono. Anachosikia ni "toa au lipia". Akitoka pale anatembea na aibu ambayo bado hajapata pa kuiweka.

Kisha ukaguzi wa pili. Mkanda, viatu, kompyuta nje. Kopo la asali ya Tabora alilolitoa kwenye sanduku ili kupunguza uzito, akalitia kwenye begi la mkononi, linachukuliwa kwa sababu limezidi mililita 100. Sharti hilo lilikuja mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kuvunja njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji. Lina sababu, lakini sababu hiyo haisemwi pale mezani. Halafu getini: ndege imechelewa, kwa nini haielezwi, hadi saa ngapi haielezwi. Mtu anaweza kuvumilia saa tatu akijua ni saa tatu. Dakika arobaini asizojua mwisho wake humtafuna zaidi.

Anaingia ndani. Kwanza anapitishwa katikati ya viti vipana ambako wenzake wameshanyoosha miguu na glasi mkononi, ndipo afike kwake. Mwaka 2016 Katherine DeCelles na Michael Norton walichapisha utafiti katika jarida la kisayansi la PNAS, wakitumia kumbukumbu za shirika moja kubwa la ndege. Vurugu za abiria wa daraja la kawaida zilikuwa karibu mara nne zaidi kwenye ndege zenye daraja la kwanza kuliko kwenye ndege zisizokuwa nalo. Walisema pia kwamba kupandia mlango wa mbele, kwa kupita kwenye viti hivyo vya wakubwa, kunaongeza vurugu. Hilo la pili wataalamu wengine wa takwimu walilipinga mwaka huohuo. Mimi kwa niliyoyaona sishangai hata kidogo. Nimeona nyuso za watu wakipita pale.

Kiti chake kina upana wa sentimita 43 hadi 46 hivi. Bega lake na la jirani ni moja. Aliye mbele akilaza kiti, anakula nafasi ambayo wa nyuma anaamini ameilipia, na wote wawili wana haki, maana shirika limewauzia nafasi ileile mara mbili. Kabati za juu ni hivyohivyo: kwa kuwa masanduku ya chini yana bei na vikomo, kila mtu anapandisha juu alichoweza, nafasi haitoshi, na wa mwisho kuingia anaanza kusukuma mikoba ya wenzake. Bibi na kikapu chake, dada, alikuwa katikati ya ugomvi ambao hakuuanzisha yeye.

Na mwili nao umebadilika bila mwenyewe kujua. Mgandamizo wa hewa ndani ya ndege huwekwa kama wa mahali penye kimo cha hadi mita 2,400. Mtu wetu ametoka Dar, usawa wa bahari, na chini ya nusu saa yuko kwenye hewa nyepesi kuliko ya mjini Arusha. Oksijeni inapungua kidogo. Gesi tumboni inatanuka karibu theluthi moja, ndiyo maana tumbo linajaa na watoto wanalia kwa masikio. Hewa ni kavu, unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20, naye amezoea joto letu la pwani. Ongeza kwamba baadhi ya ndege za kwenda Ulaya kupitia Ghuba, Uturuki au Addis Ababa huondoka hapa usiku, naye akipanda hiyo anakuwa hajalala. Akinywa bia mbili juu ya hayo, zinamkuta hana nguvu. Ndege mpya kama Boeing 787, aina ambayo Air Tanzania wanayo tangu 2018, hushusha kimo hicho hadi mita 1,800 hivi na hewa yake si kavu sana. Ukiweza kumchagulia mama ndege ya namna hiyo, mchagulie.

Nayasema haya ili ujue kwamba mtu atakayemkaripia mama, Mungu apishie mbali, hatakuwa na chuki naye. Ila maumivu ya mama yatakuwa yaleyale, kwa hiyo tumwandae.

---

Kutoka: dada, Minneapolis

Kaka, heshima yako. Umeeleza vizuri na nimejifunza. Ila naomba kupingana nawe kidogo, na naomba nisieleweke vibaya.

Mimi nasafisha ndege usiku. Ndege ikitua tunaingia tukiwa na dakika chache kabla ya kundi linalofuata. Nimetoa nepi iliyotumika kwenye mfuko wa kiti, ule ambao abiria anayekuja atatia mkono kutafuta kadi ya usalama. Choo kilikuwa hatua saba. Nimeokota maganda ya karanga yaliyokanyagiwa kwenye zulia, na taulo za karatasi zilizolowa zikiwa zimesukumwa pembeni ya dirisha. Aliyefanya hivyo hakunyimwa oksijeni. Alijua kuna mtu wa kuokota, na mtu huyo hana jina kwake.

Hapa Marekani mwaka 2021 mamlaka ya anga ilipokea taarifa karibu 6,000 za abiria wakorofi, nyingi zikihusu barakoa. Wale hawakuwa wamechoka tu. Wengi walikataa kuambiwa na mhudumu, basi. Tukisema kila kitu ni kimo na kiti, yule kijana aliyemfokea bibi anapata pa kujifichia. Alikuwa Mtanzania. Alijua "shikamoo" ni nini. Kilichobadilika ni kwamba hakuna mtu wa mtaani kwao aliyekuwa akimtazama.

Na jambo la makabati naomba tulishike kwa uzito wake. Tarehe 2 Januari 2024, pale Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege nyingine ikashika moto. Watu wote 379 waliokuwa ndani ya hiyo ya Japan Airlines walitoka hai, na ndege ikateketea yote. Waliacha mizigo. Ndege hupewa kibali kwa kuonyesha kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Hesabu hiyo haina nafasi ya mtu kuvuta begi. Ninapowaona abiria wanasukumana kabla taa ya mkanda haijazimwa, kila mmoja mkono juu ya kabati, nawaza siku ya moto watafanyaje.

---

Kutoka: kaka, Kinyerezi, Dar es Salaam

Dada wa Minneapolis, nimekubali, na asante kwa kusema. Hilo la kutotazamwa na mtu wa kwao nimelitafakari tangu jana usiku. Uwanjani nililiona: mtu huyohuyo mbele ya mama yake ni mpole, mama akishabaki nyuma ya kioo anamgeukia mhudumu kwa lugha nyingine.

Tusisahau pia kwamba ukorofi unaofikia kuandikwa taarifa ni wa wachache. IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, walihesabu tukio 1 kwa kila safari 480 mwaka 2023. Na rubani ana mamlaka ya kumzuia mkorofi na kumkabidhi polisi ndege ikitua, tangu Mkataba wa Tokyo wa 1963. Mama hayuko peke yake mle ndani.

Sasa dada wa Manchester, tufanye kazi. Ombeni huduma ya kiti mwendo hata kama mama anatembea vizuri. Haina malipo. Piga simu kwa shirika mapema, viwanja vya Uingereza na Ulaya huomba taarifa saa 48 kabla. Kazi yake kubwa kwa mama wa safari ya kwanza ni kwamba kuna mtu anayempokea mlangoni mwa ndege wanapobadilisha, anampitisha kwenye ukaguzi na kumfikisha kwenye geti sahihi. Hatagombana na mabango asiyoweza kuyasoma.

Achukue kiti cha pembeni mwa njia, kilipie sasa kama kuna ada. Atasimama bila kumwomba mtu ruhusa, na kusimama ni muhimu: WHO walieleza mwaka 2007 kwamba kukaa safarini saa nne au zaidi bila kujinyoosha kunaongeza takriban mara mbili hatari ya damu kuganda mishipani. Kama anatumia dawa za presha, zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.

Mkoba huo uwe mdogo wa kuingia chini ya kiti cha mbele. Kikapu hapana. Akiwa na kila kitu miguuni, habari ya kabati haimhusu. Mfuko wa plastiki wa kubebea asiutumie. Tangu Juni 2019 umepigwa marufuku hapa nyumbani. Nyama na maziwa msimfungie, Uingereza hawaruhusu.

Mwandikie karatasi yenye mistari mifupi, Kiswahili juu na Kiingereza chini: naomba maji, naomba kwenda chooni, sijisikii vizuri, mwanangu ananisubiri Manchester. Namba yako iwe humo. Iandike kwa herufi kubwa, na awe nayo mfukoni, si ndani ya mkoba. Mtu akimkaripia, asibishane wala asikae akanyamaza. Abonyeze kitufe cha kumwita mhudumu na amwonyeshe karatasi. Mfundishe kitufe hicho kwa picha kabla ya safari.

Na mzigo. Siku mbili kabla, sanduku lipimwe nyumbani. Watu wa vifurushi wote waambiwe kwamba mwanawe amekataa, lawama zije kwako wewe. Asipokee mzigo wa mtu ambaye hamumjui, awe mzee au mtoto, uwe kifurushi au bahasha.

Nitumie tarehe na namba ya ndege faragha. Mizani ya mkononi ninayo, nitakwenda kwa mama jioni ya siku ya pili kabla ya safari, tufunge sanduku pamoja. Siku yenyewe tutatoka mapema kuwahi foleni, na nitasimama naye mpaka wahusika wa kiti mwendo wamchukue.

---

Kutoka: dada, Manchester

Asante sana kaka. Anaondoka tarehe 9 Desemba usiku, nakutumia namba sasa hivi. Mama anaishi Mbagala Rangi Tatu. Nimempigia, amesema karatasi iandikwe pia "naomba chai ya moto", na kwamba ubuyu wa shangazi utakuja tu.